NDANI YA MAJALADA MNA WATU
Jumapili ya 25 ya Mwaka A (Mt 20:1-16)



Wapenzi wasikilizaji, ndugu zetu katika Kristu, Injili ya Jumapili ya leo inatupeleka mahali ambapo wengi wetu tunapafahamu vizuri: kijiweni, wanapongojea vibarua. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta watu wa kazi. Anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Watu wa mataifa mengine husoma saa hizo wakahitaji kuelezwa. Sisi tunaohesabu saa tangu kuchomoza kwa jua hatuhitaji mfasiri. Tunajua saa kumi na moja ya jioni ni wakati gani. Ni wakati ambao aliyekosa kibarua huanza kufikiri atawaambia nini watoto nyumbani.

Mara nyingi mfano huu huhubiriwa kwa upande wa ukarimu wa Mungu, na ndiyo haki yake. Leo tungependa kuutazama pia kwa upande wa kazi yenyewe, maana sehemu kubwa ya juma wengi wenu mpo kazini: ofisini, kiwandani, wodini, darasani, dukani. Na malalamiko tunayoyasikia kwenu si ya mshahara mdogo peke yake. Mnatuambia kwamba kazi imekuwa mzigo usio na maana. Mtu hufika asubuhi, hulitundika koti kitini ili ionekane yupo, kisha akatoka. Mwingine husema bora liende. Mwingine hujitetea kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Ugonjwa huu umetoka wapi, na dawa yake ni ipi?

Miaka kadhaa iliyopita tulimsindikiza mama mmoja mjane kufuatilia mafao ya marehemu mumewe katika ofisi fulani. Kwa miezi saba alikuwa akienda na kurudi, na jibu lilikuwa moja: jalada halionekani, njoo juma lijalo. Kuku wote wa nyumbani walikuwa wameishia katika nauli. Siku ile nasi tulipewa jibu lile lile. Tulipokwisha kusimama ili tuondoke, kijana mmoja tarishi aliyekuwa akipita na sinia la chai alimwuliza mama jina la marehemu. Akaingia masijala. Baada ya muda mrefu alitoka, vumbi limemjaa mpaka nyusini, na jalada mkononi. Lilikuwa limeangukia nyuma ya kabati.

Tulimwuliza kwa nini amehangaika kiasi hicho kwa kazi isiyokuwa yake. Alijibu kwamba mama yake mzazi alifuatilia haki ya namna hiyo hiyo, akafa hajaipata. Kisha akaongeza neno ambalo hatujalisahau: "Baba, wenzangu hawa si watu wabaya. Ila tangu nifike hapa, hakuna mkubwa aliyewahi kutuambia kwamba ndani ya majalada haya mna watu."

Ndugu wapendwa, hilo ndilo neno tunalotaka mlichukue leo. Ndani ya majalada mna watu. Ndani ya kila kazi ya halali yumo mtu, na kazi huanza kuwa na maana siku tunapomwona.

Tuanze na mfanyakazi. Wale wa alfajiri katika mfano wa leo walifanya kazi kutwa nzima, wakalipwa dinari waliyopatana, na bado waliondoka na uchungu moyoni. Kwa nini? Sikilizeni wanachokitaja wanaponung'unika: taabu na jua kali. Juu ya zabibu hawasemi neno, wala juu ya mwenye shamba aliyewaamini tangu mapema. Siku nzima walikuwa wakihesabu, na mwenye kuhesabu tu humwona mwenziwe kuwa mpinzani. Mtume Paulo alipokuwa Korinto alishona mahema pamoja na Akila na Priskila (Mdo 18:3). Hakuna hema lisilo na mtu atakayelala chini yake. Vivyo hivyo, mwashi anayechanganya saruji kwa uaminifu anailinda familia asiyoijua. Karani anayeandika jina sawasawa katika cheti cha kuzaliwa anamwepushia mtoto usumbufu wa miaka mingi. Mwuguzi wa zamu ya usiku anayeamka kumgeuza mgonjwa asiyeweza hata kushukuru, huyo anamgusa Kristu mwenyewe.

Hata hivyo, tusiwatwike wafanyakazi peke yao mzigo huu. Yule tarishi alisema kweli: hakuna mkubwa aliyewaambia. Tumtazame basi mwajiri. Mwenye shamba alikuwa na msimamizi. Tunamsikia jioni akiagizwa kulipa. Lakini kuwatafuta watu alikwenda mwenyewe, mara tano kwa siku moja. Aliwauliza wale wa jioni sababu ya kusimama kutwa, akalisikiliza jibu lao. Na alipomjibu mnung'unikaji, alimwita rafiki. Mwajiri wa namna hii hatafuti mikono tu.

Nchi yetu inaikumbuka namna nyingine ya kuajiri. Enzi za ukoloni, mashamba ya mkonge ya Tanga yalileta watu kutoka Kigoma, Songea na hata Burundi. Waliitwa manamba, kwa kuwa mtu alitambuliwa kwa namba aliyopewa. Alishikishwa kipande, kadi yenye nafasi thelathini za siku za kazi, na siku ambayo hakumaliza sehemu aliyopimiwa haikuhesabiwa. Wazee wetu waliukata mkonge ule kwa nguvu kubwa, lakini nani angewalaumu kama mioyo yao haikuwamo? Ukoloni uliondoka mwaka 1961. Je, umanamba nao umeondoka? Mahali ambapo mkuu wa idara hamjui mfagiaji wake kwa jina, ambapo fundi haulizwi kamwe anaionaje mashine anayoishika kila siku, ambapo mtu huitwa ofisini siku ya kukosea tu, hapo manamba wangalipo, ijapokuwa wamevaa tai.

Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliyajua mambo haya kwa mikono yake mwenyewe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kijana bado, alifanya kazi katika machimbo ya mawe, kisha katika kiwanda cha kemikali, huko kwao Poland. Mwaka 1981, akiwa Baba Mtakatifu, aliandika waraka uitwao Laborem Exercens, juu ya kazi ya binadamu. Anafundisha humo kwamba heshima ya kazi haitokani kwanza na aina ya kazi, bali na ukweli kwamba anayeifanya ni mtu. Kazi iko kwa ajili ya mtu, wala mtu hakuumbwa kwa ajili ya kazi.

Sasa, wapendwa, ingekuwa unafiki kuyasema haya kwa wakurugenzi na kujisahau sisi wenyewe. Katika parokia moja tuliyoitumikia palikuwa na mlinzi wa usiku. Kwa miaka minne alitufungulia lango, nasi tulimwita kwa honi ya gari. Alipofiwa na mtoto tulikwenda msibani, na padre aliyepaswa kuongoza sala alilazimika kumnong'oneza jirani amtajie jina la mfiwa. Padre huyo ni sisi tunaozungumza nanyi. Baada ya mazishi tuligundua kwamba mlinzi yule hakuwa amelipwa miezi miwili, na katika miezi hiyo hiyo parokia ilikuwa imenunua vipaza sauti vipya, ili Neno la Mungu lisikike vizuri. Tuliona haya kubwa. Malimbikizo yake yalilipwa juma lile, lakini miaka minne ya kuitwa kwa honi hairudishwi na fedha.

Kwa hiyo tunawaonya wote wenye kuajiri, na sisi tukiwamo: tusimpe mtu maneno matamu ya wito mahali pa ujira wake. Mwenye shamba alilipa jioni ile ile, kama Torati ilivyoagiza, kwamba jua lisimchwee kibarua maskini kabla hajapata haki yake (Kumb 24:15). Huku Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apewe masharti ya ajira yake kwa maandishi, saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma, na apate mapumziko ya saa 24 kila juma. Halmashauri za parokia na zijiulize: mpishi wetu, mlinzi wetu, mtunza bustani wetu, je, wanayo hayo? Nanyi makatekista, mnaotembea vijiji vitatu kwa posho ambayo pengine haifiki, msione haya kuikumbusha parokia wajibu wake. Anayefundisha katekisimu naye hula ugali.

Tufanye nini basi juma hili? Wewe unayefanya kazi, kesho asubuhi kabla ya kuanza, mtafute mtu mmoja aliyemo ndani ya kazi yako. Mtaje kwa jina ukiweza. Usipomjua, mwombee hivyo hivyo. Wewe uliye mkuu, chagua mmoja wa walio chini yako, umweleze kazi yake inamfaa nani, umwulize anaionaje, kisha unyamaze umsikilize. Na wewe ambaye mpaka saa hii hujaajiriwa na mtu, uliyesimama kijiweni na mwiko wako au na cheti chako mfukoni, usijione umesahauliwa. Bwana wa mfano huu hakuona saa kumi na moja kuwa ni kuchelewa mno. Nasi tulio ndani ya shamba tayari tukuonee uchungu, tusikupite kama tunavyopita nguzo za umeme.

Tumwombe Mtakatifu Yosefu, ambaye Papa Pius wa Kumi na Mbili alimwekea sikukuu ya Mfanyakazi mwaka 1955, tarehe 1 Mei, atusaidie. Hakuna neno lake hata moja lililoandikwa katika Injili, lakini kwa jasho lake Mwana wa Mungu alipata chakula na ufundi. Yeye alijua kazi yake ilikuwa ya nani.

Ewe Mungu Baba, utujalie sisi sote tuliomo shambani mwako macho ya kuwaona watu ndani ya kazi zetu, na siku ya jioni utuite kila mmoja kwa jina lake. Kwa njia ya Kristu Bwana wetu. Amina.