Tangi Kubwa la Kioo: Samaki Gani, na Vyombo Gani?

Walimu wenzetu, na wazazi wenye nyumba za nafasi, hutuuliza swali moja mara kwa mara: mtu akitaka kuweka nyumbani tangi kubwa la kioo, la kutazamia samaki walio hai, atie samaki gani, na awe na vyombo gani? Wengi hununua samaki kwanza, kisha ndipo hutafuta pa kuwaweka. Sisi twasema mambo yaanze upande wa pili. Samaki hupumua na hujisaidia katika maji yale yale. Maji yakiharibika hana mlango wa kutokea.

Tukisema tangi kubwa, twafikiri la urefu wa sentimeta 120, upana 50 na kimo 50. Wanafunzi na wafanye hesabu: ni lita 300, yaani ndoo 15 zile za lita 20. Na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, maji peke yake ni kilo 300, kabla hatujatia jiwe wala mchanga, wala hatujapima kioo chenyewe. Ni kama watu wazima watano waliosimama juu ya meza moja usiku na mchana pasipo kushuka. Meza ya kulia chakula haiwezi kazi hiyo. Mwambie fundi seremala atengeneze kwa mbao nene za mninga, au fundi chuma aunge vyuma vya pembe, na meza ipimwe kwa pimamaji mpaka isiinamie upande wo wote. Kioo kiwe cha unene wa milimeta 10, kiungwe kwa gundi ya silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa ile huua samaki. Chini ya tangi litandikwe sponji jembamba, ili punje moja ya mchanga isije ikapasua kioo.

Mtu ataogopa ukubwa huo, aseme, Nianze na kachupa kadogo nijifunze. Kwa kweli kachupa ndiko kagumu. Uchafu wa samaki mmoja katika lita 10 ni sumu kabla ya juma kwisha. Uchafu ule ule katika lita 300 hauna nguvu, na mwenyeji hupata siku za kugundua kosa na kulitengeneza.

Sasa chujio. Katika madukani yamo ya aina nyingi, na mengine bei yake ni kubwa kuliko tangi. Sisi twalipenda lile la sponji lisukumwalo na pampu ndogo ya hewa, kwa sababu kila mtoto wa shule aweza kufahamu kazi yake. Hewa hushuka kwa mpira hadi chini ya bomba. Mapovu hupanda, na yakipanda huvuta maji kupitia sponji. Takataka hunaswa. Lakini hiyo si kazi yake kubwa. Ndani ya vitundu vya sponji huota vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo hula amonia itokayo katika kinyesi na mabaki ya chakula, huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kisha vijidudu vingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru sana. Vijidudu hivyo havinunuliwi pamoja na sponji. Huja vyenyewe, na huchukua muda wa mwezi mmoja, hata mwezi na nusu, kuwa jeshi la kutosha. Kwa hiyo tangi jipya litiwe samaki wawili watatu tu, walishwe kidogo, na wengine wangoje. Atiaye samaki 20 siku ya kwanza atawazika karibu wote kabla ya mwezi kuandama. Na sponji ikichafuka ioshwe katika ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, wala si chini ya bomba, kwa kuwa dawa ya klorini iliyowekwa katika maji ya bomba ili kutulinda sisi na maradhi huua pia vijidudu vile vyema.

Klorini hiyo huwadhuru samaki pia. Kila juma hutolewa robo ya maji, kama ndoo nne, na kurudishwa maji mapya. Maji hayo ya bomba na yakae katika ndoo wazi usiku na mchana kwanza, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini iuzwayo na wenye maduka ya samaki. Je, sisi tukaao karibu na ziwa, hatuwezi kuteka ziwani? Twaweza, lakini kwa akili. Pwani ya ziwa letu ina kichocho, na vimelea vyake hutoka katika konokono wa majini, vikamwingia mtu kwa ngozi. Maji ya ziwa na yachujwe kwa kitambaa, yakae siku mbili kamili pasipo konokono ndani yake, maana vimelea hivyo visipopata mtu hufa katika muda huo. Konokono na majani ya ziwani yasitiwe tangini kamwe, hata yakiwa mazuri namna gani. Wala mwanafunzi asivute maji kwa mdomo katika mpira. Aujaze mpira maji bombani kwanza, ndipo aushushe.

Vyombo vingine tutavipitia upesi. Taa iwashwe saa nane au tisa kwa siku, zaidi ya hapo kioo hugeuka kijani kwa mwani. Na tangi lisikae penye jua la dirisha. Kifaa cha kupasha maji moto hakitakiwi Mwanza, ijapokuwa wenzetu wa Njombe na Lushoto watakihitaji. Umeme ukikatika pampu husimama; basi iwepo pampu ndogo ya betri, na ikikosekana, chota maji kwa bakuli uyamwage tena kutoka juu, mara kwa mara, nayo yatachukua hewa. Mawe tunayo bure. Mawe ya matale ya milima yetu hayabadili tabia ya maji; yasuguliwe, yapangwe juu ya sakafu ya tangi kwanza, ndipo mchanga umwagwe, kwa sababu samaki huchimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga huja likaanguka juu ya kioo.

Haya, samaki. Tuwataje kwanza wasiofaa. Kitoto cha sangara hupendeza, lakini huweza kukua kupita kilo 100, na kabla hajafika huko atakuwa amekula wenzake wote. Kamongo hupita urefu wa mita moja, naye huuma. Mumi pia ni mkubwa mno. Sato mahali pake ni bwawani na sufuriani. Wale samaki wa dhahabu wauzwao mijini asili yao ni China, hupenda maji ya baridi, na huchafua sana. Wako samaki wa rangi kutoka Ziwa Nyasa, fahari ya nchi yetu kwa kweli, lakini ni wagomvi, na wakiwekwa pamoja na samaki wetu huwaonea. Wapewe tangi lao.

Sisi shauri letu ni furu.

Twajua baadhi ya wasikilizaji watacheka. Furu, yule kisamaki wa miiba aliyechomwa na watoto? Naam, yule yule. Wataalamu wakadiria ya kuwa ziwa hili lilikuwa na aina za furu zaidi ya 500, karibu zote zisizopatikana mahali pengine po pote duniani. Wengine walivunja konokono kwa meno ya kooni, wengine walikwangua mwani mawemawe, wengine walikula wadudu. Na walikuwako waliofyonza mayai na watoto kutoka vinywani mwa mama zao. Mwaka 1977 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walianza kuwachunguza katika Ghuba ya Mwanza. Hawakupata miaka kumi ya amani. Sangara, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka kwa ghafula, na katika miaka ya 1980 furu walitoweka mbele ya macho ya wale waliokuwa wakiwahesabu. Hudhaniwa kwamba aina kama 200 zimekwisha. Wachache waliokolewa kwa kuzalishwa katika matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani.

Mmoja aliyebaki ziwani, naye ndiye tunayemchagua, ana jina ambalo kila Mtanzania alijua. Mwaka 1985 wataalamu Witte na Witte-Maas waliandika habari zake wakamwita nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Ukoo wake huitwa Pundamilia, kwa ajili ya mistari yake myeusi. Dume ana mgongo mwekundu kama kaa la moto na ubavu wa manjano; urefu wake ni kama kidole cha kati cha mtu mzima. Watu wa nchi za mbali, wasiopata kuliona ziwa hili, wamemfuga miaka mingi. Mwanafunzi wa Mwanza aliyepata kumwona akiwa hai ni nadra.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wanunuzi hulikosa. Jike la nyererei halina rangi hizo. Ni la kijivu lenye manjano kidogo, na mnunuzi hulipita. Wauzaji wakijua hivyo huleta madume matupu. Lakini jike ndilo lichaguzi. Katika mwamba mmoja wa Kisiwa cha Makobe, Ghuba ya Speke, ambako maji ni meupe, nyererei mwekundu hukaa karibu na ndugu yake wa buluu aitwaye Pundamilia pundamilia, na hawachanganyiki, kwa sababu kila jike huona rangi na kumfuata dume wa aina yake. Katika Kisiwa cha Luanso, ndani ya Ghuba ya Mwanza, maji ni machafu, mwanga haufiki vema, rangi hazitambulikani, na huko aina hizo mbili zimechanganyika zikawa chotara. Jambo hili lilielezwa mwaka 1997 na Seehausen pamoja na wenzake. Maana yake ni kwamba mbolea na maji taka yanayotiririka kutoka mashambani na mijini yaweza kufuta aina ya samaki hata pasipo kumwua samaki mmoja.

Basi mwenye tangi amejitwalia kazi ya maji meupe ya Makobe. Asichanganye nyererei na furu wengine wanaofanana naye, hata mwenye duka akisema tangi bado lina nafasi. Sisi katika lita 300 tungetia madume matatu na majike tisa, wote kutoka mahali pamoja, basi. Mawe yapangwe yafanye nyua tatu, dume mmoja asimwone mwenzake kila dakika, la sivyo mwenye nguvu atawachosha wengine mpaka kufa. Majike yatiwe kwanza, madume baadaye. Chakula kiwe unga wa dagaa wakavu wasiotiwa chumvi, wanunuliwao Mwaloni pale Kirumba, na viluwiluwi vya mbu kutoka katika pipa safi la mvua. Walishwe kile wawezacho kukimaliza kwa dakika mbili. Nyama ya ng'ombe wasipewe.

Kuhusu kuwapata, mtu asitie wavu ziwani kwa shauri lake mwenyewe. Uvuvi una Sheria yake ya mwaka 2003, na afisa uvuvi wa wilaya ndiye wa kuulizwa kwanza.

Mambo yakienda vema, siku moja ataonekana jike asiyekula, kidevu kimemvimba. Asipewe dawa, ana mayai kinywani. Atayachukua kwa muda wa majuma mawili hata matatu, kisha atawatema watoto, na kwa siku chache hatari ikitokea atafungua kinywa nao watakimbilia ndani. Ahamishwe polepole, kwa bakuli wala si kwa wavu, hadi tangi dogo lenye sponji iliyokwisha kuota vijidudu, maana wenzake watawala watoto. Watoto wakizidi wasimwagwe ziwani, kwa hofu ya magonjwa na ya kuchanganya damu ya visiwa mbalimbali. Wapewe jirani au shule, pamoja na kipande cha karatasi kilichoandikwa jina la kisiwa alikotoka bibi yao, na mwaka alipotolewa majini.