Masomo ya ufundi yasifungiwe sandukuni

Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu na viongozi wa vituo vya ufundi, Kalemie



Nimeombwa kuzungumza juu ya makaratasi. Najua mngependa zaidi tuongee juu ya cherehani, mbao na mishahara inayokawia. Lakini makaratasi haya yamekwisha kutugombanisha, na wengine humu ndani wanajua ninasema nini.

Kuna kituo kimoja, jina lake ninaliacha. Baada ya mapigano ya Watwa na Waluba, yaliyoanza 2013 na kuwaka tena 2016, vijana wa pande zote mbili waliandikishwa pale wajifunze useremala na ushonaji katika chumba kimoja. Shirika moja lilitoa pesa. Walimu wetu ndio walioandika masomo, usiku, kwa mwanga wa taa: namna ya kupima mbao, namna ya kukata suruali bila kupoteza kitambaa, namna ya kuhesabu bei ya kazi ili fundi asijidanganye. Masomo yakachapwa vizuri sana. Chini ya ukurasa wa pili paliandikwa: haki zote zimehifadhiwa.

Mradi ulipokwisha, gari liliondoka na sanduku la vitabu. Ikabaki kopi moja, mikononi mwa mwalimu mmoja, naye alikuwa mtu wa upande mmoja. Mwaka uliofuata vijana wa upande wa pili wakaanza kusema kwamba masomo ni ya wale, sisi tunapewa makombo. Haikuwa kweli. Mwalimu yule aliogopa tu yale maneno ya ukurasa wa pili, hakuthubutu kupiga fotokopi. Tukaandika barua kuomba ruhusa. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba mtu anayehusika amehamia nchi nyingine. Wakati huo vijana kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kuacha, na wawili kati yao tulisikia wamerudi msituni. Sisemi walirudi kwa sababu ya kitabu peke yake. Nasema kitabu kilikuwamo.

Basi tuelewe sheria inasema nini. Sheria yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 juu ya haki za waandishi inalinda maandishi tangu yanapoandikwa, hata kama hakuna onyo lolote juu yake, na ulinzi unaendelea miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Maana yake ni hii: ukinyamaza, umekataza. Mwalimu mwenye moyo mwema ambaye hakuandika ruhusa amefunga mlango sawa na yule mwenye choyo. Ruhusa inatakiwa iandikwe juu ya kitabu chenyewe, ili anayekiokota miaka kumi baadaye asihitaji kumtafuta mtu aliyehama.

Maneno ya ruhusa hiyo yamekwisha kutungwa. Tangu Desemba 2002 shirika la Creative Commons linatoa leseni ambazo mtu yeyote anaweza kuzitumia bila kulipa na bila kujiandikisha. Iliyo nyepesi kuliko zote huandikwa kwa herufi CC BY. Inasema: nakili, gawa, tafsiri, badilisha, hata uza, mradi utaje jina la aliyeandika, uonyeshe leseni, na useme kama umebadilisha.

Mtaniuliza kama kuna waliojaribu jambo hili kwa ufundi, si kwa vitabu vya wasomi. Wako. Kuanzia 2011 serikali ya Marekani ilitoa karibu dola bilioni 2, kwa mafungu manne hadi 2014, kwa vyuo vya miaka miwili vinavyofundisha watu wazima kazi: uchomeleaji, umeme, uuguzi, ufundi wa mitambo. Ulikuwa mpango wa kuwasaidia hasa wafanyakazi waliopoteza kazi kwa sababu ya biashara ya nje. Wizara ya Kazi iliweka sharti moja: kila somo litakaloandikwa kwa pesa hizo litolewe kwa leseni ya CC BY. Hoja yao ilikuwa rahisi, kwamba wananchi wamekwisha kulipa, kwa nini chuo cha pili kilipe tena kuandika somo lile lile? Masomo yakakusanywa katika hazina moja ya intaneti, SkillsCommons, iliyosimamiwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la California.

Je, sisi tuyachukue na kuyafundisha hapa? Hapa ninawaomba mnisikilize vizuri, maana kuna hatari. Chukua somo la Marekani la kuunganisha umeme wa nyumba. Kule umeme wa nyumbani ni volti 120 na hezi 60. Kwetu ni volti 220 na hezi 50. Rangi za nyaya si zile zile, vipimo ni vya inchi na futi, na nyumba wanayoichora ni ya mbao, si ya matofali. Ukitafsiri somo hilo neno kwa neno kwa Kiswahili na kumpa kijana, unaweza kumwua. Lazima fundi wa hapa akae nalo, aondoe, aongeze, achore upya.

Ndiyo sababu ninawaonya juu ya herufi ND. Leseni yenye ND inakuruhusu kugawa kitabu jinsi kilivyo tu. Huruhusiwi kugawa uliyoibadilisha, na tafsiri inahesabiwa kuwa mabadiliko. Mfadhili akikuambia kitabu chake ni wazi, halafu ukaona ND, ujue hutaweza kugawa tafsiri yake ya Kiswahili bila kuandika barua nyingine. Herufi NC zinakataza biashara, na wengi wenu mnazipenda kwa sababu hamtaki mtu atajirike kwa jasho lenu. Ninawaelewa. Lakini yule kijana wa fotokopi pale sokoni, anayeongeza faida kidogo juu ya bei ya karatasi, yeye anafanya biashara au hapana? Mtabishana mpaka jioni. Mimi nachagua CC BY, kwa sababu naweza kuielezea kwa dakika mbili.

Kuna woga mwingine, na jana usiku mwalimu mmoja aliniambia wazi: nikitoa daftari langu, wataniitia nini tena? Sitacheka woga huo. Katika mji ambapo mwalimu hukaa miezi bila mshahara, daftari ni shamba lake. Lakini mwulizeni fundi cherehani yeyote kama amewahi kuona mtu aliyejifunza kushona kola kwa kusoma. Karatasi inashika vipimo, mkono unashika kazi. Na leseni hii inalazimisha jina lako lisomwe kila kitabu kinapofika. Daftari lililofungwa kabatini halijamtangaza mtu hata mmoja.

Kuhusu intaneti hafifu, msijisumbue. Kopi moja ya karatasi ibaki katika kila kituo, nyingine katika flashi, na simu zitapeana zenyewe.

Kazi ngumu iko kwa mfadhili, na inafanywa kabla ya kutia sahihi mkataba, si baada. Ulizeni: masomo tutakayoandika yatakuwa ya nani? Tutaruhusiwa kuyanakili mradi ukiisha? Akishangaa, mwambieni kwamba Novemba 2019 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo la kuunga mkono vifaa vya elimu vilivyo wazi, nchi yetu ikiwa mwanachama. Wengi hawakatai. Hawakuwahi kuulizwa tu.

Baada ya chakula tutakaa kwenye meza mbili. Kila meza iwe na watu wa vituo mbalimbali na wa pande zote, tafadhali, msikae na jirani yenu. Tutaanza na somo la kupima mbao, ambalo walioliandika wameandika upya kutoka vichwani mwao na kuleta hapa leo. Tulisahihishe pamoja, tuandike majina yao wote kwenye ukurasa wa kwanza, na chini yake ule mstari wa ruhusa. Mashine ya fotokopi imekwisha kulipiwa, na mafuta ya jenereta yanatosha mpaka saa kumi na moja.