Mtoto Yuko na Nani?

(Hotuba kwa wazazi na madereva wa parokia)



Tukitaja usalama wa watoto, mawazo yetu hukimbilia barabarani. Tunamfundisha mtoto atazame kulia, kushoto, halafu kulia tena. Ni vizuri. Lakini mtoto wa miaka 2 hayuko barabarani. Yuko nyumbani, na gari linalotutia wasiwasi ni lile lililosimama uani.

Sisi tunaotembelea nyumba kwa kazi ya ustawi wa jamii tunaiona hali hii kila mara. Wageni wanaaga. Mmoja amesahau mfuko, mwingine anafungiwa kuku, watu wanatakiana safari njema, na wote wamelizunguka gari. Mama anadhani mtoto yuko na dada yake. Dada anadhani yuko na nyanya. Nyanya ameketi ndani. Mtoto naye anataka kwenda na mgeni, basi anapita nyuma ya gari. Dereva anatazama vioo, haoni kitu, anapiga rivasi. Si mlevi, wala hana mbio. Gari halijafika hata mwendo wa mtu anayetembea. Lakini mtoto wa umri huo ana kimo cha kama sentimeta 85 tu. Akisimama nyuma ya pikapu, kichwa chake hakifiki ukingo wa juu wa ubao wa nyuma.

Kwa hiyo tunaomba desturi moja ianze katika kila boma. Kabla ya kuwasha gari, dereva aulize kwa sauti, "Mtoto yuko na nani?" Asiondoke mpaka mtu mmoja ajibu, "Yuko nami," akiwa amembeba au amemshika mkono. "Yuko hapo" si jibu. Baba wengine wataona haya kuuliza mbele ya wageni. Afadhali haya hiyo. Halafu dereva alizunguke gari kwa miguu na ainame, kwa maana chini ya lori pana kivuli kizuri na watoto hupenda kucheza hapo saa za jua. Wenye kamera ya nyuma, hongereni, lakini mnajua matope yetu: safari moja tu, imefunikwa.

Jambo jingine ni joto. Tumesikia wazazi wakisema, "Sisi si watu wa Mombasa, huku kwetu ni baridi." Mwaka 2005 watafiti wa California, Marekani, walichapisha vipimo vyao. Nje kukiwa na nyuzi 22 tu, siku ya jua, ndani ya gari lililofungwa paliweza kufika nyuzi 47 kwa saa moja. Sehemu kubwa ya joto hilo iliingia katika nusu saa ya kwanza. Nyuzi 22, wapendwa, ni mchana wa Nairobi mwezi wa Julai! Kuacha dirisha wazi kidogo hakukusaidia. Na mwili wa mtoto mdogo hushika joto upesi zaidi, mara 3 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Kwa hiyo ule mtindo wa kumwacha amelala garini "dakika mbili" tukinunua sukari, tuuache kabisa.

Huko Marekani watoto zaidi ya 900 wamekufa hivyo tangu 1998. Kama nusu yao walisahauliwa garini. Lakini kama robo waliingia wenyewe, na hapo ndipo tungependa ninyi wenye gereji msikilize. Gari bovu lisilo na magurudumu bado lina milango inayofunga, na lina buti. Kwa mtoto anayecheza kujificha, hiyo ni nyumba. Ng'oeni vitasa vya buti, au mfunge milango kwa waya imara. Nyumbani nako, gari lifungwe hata likiwa uani, na funguo zitundikwe juu. Kumpa mtoto funguo akasikilize redio si upendo. Anaweza pia kuachia breki ya mkono. Penye mteremko, weka gia na uzuie gurudumu kwa jiwe.

Ukimkuta mtoto amefungiwa na amelegea, usimtafute mwenye gari kwanza. Vunja kioo kilicho mbali naye. Mpeleke kivulini, mvue nguo, mlowanishe kwa maji na umpepee, na mtu mwingine atafute usafiri wa hospitali. Kama hajitambui usimnyweshe kitu.

Sasa, kabla ya chai, tutoke nje. Tumeweka jerikani la lita 20 juu ya stuli nyuma ya ile pikapu. Kimo chake ni kama cha mtoto wa miaka 2. Kila mmoja aketi kwenye kiti cha dereva, hata ninyi akina mama msioendesha, atazame vioo vyote, kisha atuambie kama ameliona. Madereva mtangulie.