Daftari Kabla ya Programu: Miongozo ya Huduma za Teknolojia katika Taasisi za Kisangani



Katika ofisi nyingi za mji wetu, huduma za teknolojia zinakaa kichwani mwa mtu mmoja. Nywila za seva anazijua yeye. Waya unaopeleka intaneti kwa mhasibu anaujua yeye. Siku akivuka mto kwenda matanga Lubunga, ofisi nzima inamngoja arudi. Ugonjwa huu una dawa, na sehemu kubwa ya dawa hiyo haihitaji hata dola moja.

Hatuko wa kwanza kuitafuta: Serikali ya Uingereza nayo ilihangaika na huduma zake za kompyuta katika miaka ya 1980. Wakala wake uitwao CCTA ukakusanya taratibu zilizofaa, na kuanzia 1989 zikachapishwa kwa jina la ITIL. Toleo la nne, la 2019, lina desturi 34. Kuna pia kiwango cha ISO/IEC 20000, kilichotoka mara ya kwanza 2005, ambacho taasisi yenyewe hukaguliwa kwacho na kupewa cheti, na COBIT, iliyotoka mara ya kwanza 1996, inayowahusu zaidi wakurugenzi: nani anaamua, nani anawajibika. Hizo 34 zisiwatishe. Moja ya kanuni elekezi za ITIL inataka taasisi ianzie pale ilipo, na kwa ofisi ya watu 40 hapa Makiso ningeanza na kutenganisha tukio na tatizo.

Mahali fulani nilipofanya kazi, intaneti ilikuwa ikikatika mara kwa mara. Fundi anazima ruta, anaiwasha, kazi inaendelea, mkuu anashukuru. Huko ni kushughulikia tukio, na ni vizuri. Lakini hakuna aliyeuliza chanzo, yaani tatizo lenyewe. Tukanunua daftari la shule, tukaandika siku, saa, aliyeita na kilichofanyika. Wiki ya tatu tukasoma kurasa zote kwa pamoja. Karibu kila mara intaneti ilipotea pale umeme wa mji ulipozimika na jenereta kupokea. Kampuni ya intaneti tuliyokuwa tukiilaumu haikuwa na kosa. Ruta ilichomekwa moja kwa moja ukutani, na ondulera pekee iliyokuwapo, yaani kifaa cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika, ililinda printa ya sekretari. Tulihamisha plagi mbili. Miezi ya manung'uniko iliishia hapo, nami tangu siku ile siamini programu yoyote ya gharama kabla ya daftari.

Kuhusu mabadiliko nitasema kwa ufupi: asiguse seva mtu yeyote kabla hajaandika anabadilisha nini, nani ameruhusu, na kikiharibika atarudije nyuma. Wala mabadiliko yasifanywe wiki ya kuandikisha wanafunzi au ya kulipa mishahara.

Makubaliano ya kiwango cha huduma ndiyo yanayotaka ujasiri, kwa sababu fundi lazima amwambie mkuu ukweli. Mkuu akitaka intaneti hadi saa 2 usiku, na mazutu ya jenereta yanatosha hadi saa 10 jioni, basi ama bajeti iongezwe ama saa zipunguzwe. Makubaliano hayo yaandikwe, yatiwe sahihi, yabandikwe mlangoni ili kila mfanyakazi ajue anachoweza kudai.

Kesho asubuhi, kabla ya mazoezi yetu ya vitendo, kila fundi alete orodha ya vifaa vilivyochomekwa kwenye ondulera za ofisi yake. Tutaanza kazi na orodha hizo.