Nani Hukata Shauri Kwamba Wimbo ni wa Kihuni?



Katika arusi nyingi za hapa Nakuru hufika saa ambapo mpiga gitaa huanza mugithi. Watu hushikana mabegani, wakafanya safu ndefu kama mabehewa ya gari la moshi, na ndiyo maana ya neno lenyewe kwa Kikuyu. Hapo wazee wengine huinuka kwenda zao, wakinung'unika kwamba huo ni muziki wa kihuni, muziki wa vilabuni.

Kabla ya kuwaunga mkono, na tutazame jirani zetu wa Kericho. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Afrika, alifika Kapkatet na mashine yake ya kunasa sauti. Wakipsigis walimwimbia nyimbo 3 za mtu aitwaye Chemirocha. Huyo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekuwa kwanza mfanyakazi wa reli, akafa mwaka 1933. Hakukanyaga Afrika kamwe. Zilizofika ni sahani zake za santuri. Wakipsigis walilitwaa jina lake wakaliimba kwa kinubi cha kwao, na katika wimbo mmoja wasichana wanamhimiza aruke kwa nguvu hata avukwe na nguo zake.

Hakimu mkali angaliona makosa matatu: ugeni, mchanganyiko, na utupu. Ndiyo mashtaka yale yale ya mugithi! Lakini leo wimbo huo ni hazina. Umehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na baada ya miaka zaidi ya 60 ulirudishwa Kericho, wenyewe wakausikiliza kwa furaha. Kama Tracey angalikuwa mtu wa kuona haya, usingalikuwapo.

Sisemi kila kitu kiachwe. Kugeuza wimbo wa kanisani kuwa matusi mbele ya watoto ni jambo la aibu. Lakini kosa hapo si la gitaa. Hata zamani nyimbo za jando zilikuwa na maneno mazito. Zilikuwa na siku yake na watu wake, wala hakuna aliyeziimba mbele ya mama mkwe. Basi mwenye arusi na apatane na mwimbaji mapema. Mpiga gitaa mwenye akili huuliza kwanza kama watoto wamekwenda kulala.