JUDO, MBIO NA MALEZI YA VIJANA: FUNZO KUTOKA MBULU NA HANANG

Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu wa michezo, wazee na vijana wa Unguja na Pemba. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa faida ya wananchi wote.

Mchezo wa judo una jambo moja linaloutofautisha na michezo mingi. Mwanafunzi wake hafundishwi kwanza kumwangusha mwenziwe, bali hufundishwa kwanza kuanguka yeye mwenyewe. Kwa siku nyingi hulirejea zoezi lile lile juu ya mkeka: huingiza kidevu kifuani ili kichwa kisigonge chini, huupiga mkeka kwa mkono mzima ili kishindo kisambae, kisha husimama na kuanza tena. Wajapani huliita zoezi hilo ukemi. Asiyelijua hawezi kuangushwa kwa salama, wala haaminiki kumwangusha mwingine.

Muasisi wa mchezo huo, Mwalimu Jigoro Kano, alifungua skuli yake ya Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882. Alizichukua mbinu za zamani za mieleka ya Kijapani, akaziweka kando zile za hatari, na zilizobakia akazigeuza kuwa njia ya malezi. Misingi aliyoiweka ni miwili: kuzitumia vyema nguvu za mwili na akili, na kusaidiana ili kila mmoja aneemeke pamoja na mwenziwe. Ndiyo maana wachezaji huinamiana kwa heshima kabla ya pambano na baada yake. Ndiyo maana pia anayebanwa akishindwa kujinasua huupiga mkeka kwa kiganja, na mpinzani wake hulazimika kumwachia papo hapo.

Judo iliingizwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1964 mjini Tokyo. Visiwani Zanzibar mchezo huu ulipata nguvu katika miaka ya 1990, vijana wakifundishwa na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyekuja kuishi Unguja mwaka 1987. Baadaye Tanzania nayo ilipata mwakilishi wa judo katika Olimpiki, Ndugu Andrew Thomas Mlugu, aliyeshindana Rio de Janeiro mwaka 2016 na Paris mwaka 2024.

Hata hivyo, tabia inayokusudiwa na judo haikufungiwa ndani ya ukumbi wa mikeka. Anayetaka kuiona ikiwa imekwisha kupimwa mbele ya macho ya dunia hana haja ya kwenda Japani. Inatosha kuzitazama wilaya mbili za Tanzania Bara, Mbulu na Hanang. Wilaya hizo, ambazo tangu mwaka 2002 zimo katika Mkoa wa Manyara, ni nchi ya miinuko na baridi, ya wakulima na wafugaji wa Kiiraqw na Kidatoga, na juu yake umesimama Mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Jina lao katika michezo halikutokana na judo, bali na mbio ndefu. Lakini funzo ni lile lile.

Tarehe 20 Oktoba 1968, mzaliwa wa Mbulu, Ndugu John Stephen Akhwari, alikuwa miongoni mwa wakimbiaji 75 walioanza mbio za marathoni za Olimpiki katika Jiji la Mexico. Jiji hilo liko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi ilimsababishia kukakamaa kwa misuli. Kabla ya nusu ya safari, katika kugombea nafasi, alianguka kwa kishindo. Goti likateguka na bega likaumia. Alifungwa bendeji, akainuka na kuendelea, mara akikimbia na mara akichechemea.

Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, giza likiingia na watazamaji wengi wakiwa wamekwisha kuondoka. Alikuwa wa 57, na wa mwisho kati ya waliomaliza. Wenziwe 18 hawakufika. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumpeleka masafa yote yale ili aanze mbio, bali ili azimalize.

Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alishika nafasi ya tano katika marathoni. Alirejea Mbulu kulima shamba lake. Taifa lilimtunuku nishani mwaka 1983, na mwenge wa Olimpiki ulipopita Dar es Salaam mwezi Aprili 2008, yeye alikuwa miongoni mwa walioubeba. Wachache leo wanaikumbuka saa ya mshindi wa siku ile. Aliyeshika mkia anatajwa duniani kote.

Ndugu Wananchi, hapa pana jambo linalohitaji kufahamika vizuri, maana likifahamika vibaya litaleta madhara. Kisa cha Akhwari si ruhusa kwa mwalimu wa michezo kumlazimisha kijana aliyeumia aendelee kucheza. Akhwari hakulazimishwa na mtu. Alihudumiwa kwanza, kisha akaamua mwenyewe. Judo nayo imeweka adabu ya kuupiga mkeka kwa sababu kukubali kushindwa leo kunamwezesha mtu kurudi kesho akiwa mzima. Mwenye kuinuka na mwenye kuupiga mkeka wanafanana kwa jambo moja: kila mmoja ameikubali hali yake bila ya kiburi, bila ya kumlaumu mwenziwe, na bila ya kukimbia wajibu wake. Wahenga walisema: kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.

Upande wa Hanang, Ndugu Gidamis Shahanga, mzaliwa wa Katesh, aliushangaza ulimwengu alipotwaa medali ya dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edmonton mwaka 1978, akiwa bado kijana mdogo. Ushindi haukumlaza. Miaka minne baadaye, huko Brisbane, alitwaa dhahabu nyingine, safari hii katika mita 10,000, mbio zinazotaka kasi ya namna nyengine kabisa. Kwa hivyo kushinda nako ni mtihani, na wengi huanguka katika mtihani huo.

Kizazi kilichofuata hakikuiacha njia hiyo. Gabriel Geay, mzaliwa wa Mbulu, alikuwa wa nne katika marathoni ya Boston mwaka 2022. Mwezi Disemba mwaka huo huo, huko Valencia, alikimbia kwa saa 2 na dakika 3 kamili, na mwaka 2023 alirudi Boston akawa wa pili, sekunde 10 tu nyuma ya mshindi.

Kutokana na maelezo hayo, mambo yafuatayo yanasisitizwa.

Kwanza, walimu wa michezo wa skuli na wa vilabu wasiwatupe vijana wanaoshindwa. Kijana anayeachwa nje ya timu bila ya neno la kumtuliza huenda akapotea michezoni, na baadaye akapotea mitaani.

Pili, vijana wanaojifunza judo na michezo mingine ya mapambano wafahamu kuwa ujuzi huo ni amana. Anayeutumia kumpiga mkewe, mdogo wake au jirani yake ameuvunja msingi wa pili wa Mwalimu Kano, na hastahili mkanda anaoufunga, uwe mweupe au mweusi.

Tatu, wazee wawaruhusu watoto wao, wa kiume na wa kike, kushiriki michezo katika mazingira ya heshima na usalama, na wafuatilie wanafunzwa na nani na kwa namna gani.

Nne, masheha washirikiane na vilabu katika kuvilinda viwanja vya wazi vya shehia zao, kwani mtoto hawezi kujifunza kuanguka na kuinuka pahala ambapo hapana hata kipande cha ardhi cha kuchezea.

Medali ni chache na washindani ni wengi. Wengi wa vijana watakaoingia mkekani au barabarani hawatapanda jukwaa la washindi. Lakini kila mmoja wao ataanguka siku moja, katika kazi, katika biashara, katika ndoa au katika maradhi. Siku hiyo ndipo itakapojulikana kama mwalimu wake alimfundisha mchezo tu, au alimfundisha pia namna ya kuinuka.