Matusi ya Simu Yasijibiwe kwa Ngumi



Tuseme kila usiku binti yenu anatumiwa ujumbe wa matusi na vitisho. Anayetuma anajulikana, na kaka zake wamekwisha kukunja mikono ya mashati. Hapo ndipo kesi nyingi huharibika.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Huku kwetu hizo ni ng'ombe kadhaa! Lakini kaka wakimpiga, shtaka la shambulio litakuwa lao. Wakimrudishia vitisho kwa simu, kifungu kilekile kitawabana.

Najua sheria hii imelalamikiwa, hasa ilipotumika dhidi ya wakosoaji wa serikali, na malalamiko hayo yana msingi. Hata hivyo binti huyu anastahili kulindwa nayo.

Basi ujumbe usifutwe, hata kama unatia kichefuchefu, maana ndio ushahidi. Andikeni tarehe, saa na namba iliyotuma, mwende polisi na simu yenyewe, na msiondoke bila namba ya RB. Wala binti asinyang'anywe simu kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Mama au shangazi alale naye chumba kimoja siku hizo.